Kesi ya mpaka niliyoimalizia mgombani

Nilifika nyumbani jioni ya tarehe 22 Desemba 2021, na kabla sijashusha begi nikaona mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Kihamba chetu, yaani shamba la urithi la ukoo linalozunguka nyumba, kiko mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye ukanda wa migomba, na aliyekulia huko anajua kwamba saa kumi na mbili jioni ndani ya migomba ni giza. Siku ile jua lilikuwa linamulika hadi mlangoni kwa mama. Mti wa mringaringa uliokuwa ukingoni mwa mfongo, mfereji wa maji unaopita kati ya kwetu na kwa kaka, haukuwepo. Kulikuwa na kisiki kipana kama meza ya kulia chakula, na unga wa msumeno umetapakaa juu ya majani ya kahawa.

Mama akaniambia, "Kunywa chai kwanza." Sikunywa.

Huyo ninayemwita kaka ni mtoto wa baba mkubwa. Babu aligawa kihamba chake sehemu mbili, ya juu akapewa baba mkubwa na ya chini akapewa baba yangu, na katikati ukapita mfongo unaoleta maji kutoka msituni. Tulikua pamoja, tukaenda shule moja, tukachota maji mfongo mmoja. Baba yangu alifariki mwaka 2009. Hakuacha mtoto wa kiume, ametuacha mabinti watatu, na mimi ndiye mkubwa. Mtu wa Kilimanjaro akisoma sentensi hiyo ameshaelewa nusu ya habari yenyewe. Tangu siku ya matanga nilikuwa nasikia minong'ono kwamba kihamba hakiwezi kwenda kwa wasichana, kwamba siku mama akifumba macho ukoo utakaa. Kwa hiyo nilipokiona kile kisiki, sikuona mti uliokatwa. Niliona wameanza.

Nilivuka mfongo usiku uleule. Kaka alikuwa jikoni kwake anakula. Nikamuuliza nani amemruhusu kukata mti wetu. Akasema mti ni wake, uko ndani ya masale yake, na kama nina neno niende ninakojua. Nikamjibu kwamba ninakujua.

Nieleze kidogo kuhusu masale kwa wasiotoka mlimani. Isale ni mmea wenye majani marefu membamba ya kijani, haufi kirahisi, na Wachaga tangu zamani huupanda kuwa alama ya mpaka wa kihamba. Mmea huohuo ndio wa kuombea msamaha. Ukimkosea mtu kosa zito, unakwenda kwake na jani la isale, na anayepelekewa isale ni vigumu sana kulikataa, hata kama moyo bado unachemka. Tangu utoto nilijua matumizi yote mawili, lakini mwaka ule nililikumbuka moja tu.

Januari nikaanza safari. Niliporudi Dar es Salaam, ninakofanya kazi ya uhasibu, nilimtafuta wakili, naye akaniambia utaratibu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba limejaribu kusuluhisha likashindwa. Zamani baraza la kata lilikuwa likiamua kesi ndogo za ardhi lenyewe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakaliondolea uwezo huo, likabaki na kazi ya kupatanisha tu, na limepewa siku 30. Zikipita bila mapatano, unaweza kwenda wilayani.

Naomba msomaji aliangalie hili, kwa sababu ndipo nilipokosea. Sheria iliniwekea siku 30 za kukaa na ndugu yangu mbele ya watu, na mimi nikazichukulia kama foleni ya kupata barua. Tulikaa barazani mara moja, nusu saa. Nilikuwa nimevaa suti. Kaka alikuja na gamba buti zenye tope. Wazee wakauliza, mnaweza kuelewana? Nikasema hapana kabla yeye hajafungua mdomo. Wakaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, mimi nikaondoka na karatasi yangu, nimefurahi. Usuluhishi haukuwa umeshindikana kwa sababu haukuwa umefanyika.

Aprili 2022 shauri likafunguliwa wilayani.

Sitaieleza sana miezi iliyofuata, maana aliyewahi kuwa na kesi anajua neno kalenda. Unapanda basi alfajiri, unasafiri zaidi ya kilomita 500, unalala, asubuhi unakaa kwenye benchi, jina linaitwa, na kabla hujasimama sawasawa kesi imepigwa kalenda, yaani imeahirishwa. Mara wakili wa upande wa pili yuko Mahakama Kuu. Mara mjumbe mmoja wa baraza anaumwa. Mara upande wa pili umeleta pingamizi la awali kwamba maombi yetu hayakueleza vizuri mipaka ya eneo linalobishaniwa, na kwa kweli hayakueleza, ikabidi tuyaondoe na kuyafungua upya. Sina mtu wa kumlaumu. Baraza lina mashauri mengi na kila shauri lina haki ya kusikilizwa kwa taratibu zake. Nilikwenda mara 9. Nilizungumza mara 2.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilikuwa naandika. Wakili 1,800,000. Nauli, malazi na chakula kwa safari zote 9, shilingi 1,080,000. Ada za kufungulia, fotokopi, kiapo na vitu vidogo vidogo, 310,000. Jumla 3,190,000. Mringaringa ulitoa mbao 34, na bei ya ubao mmoja pale kijijini ilikuwa 25,000, yaani mti mzima 850,000. Usiku mmoja niliziandika hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, nikalifunga daftari. Bado sikuacha. Nilijiambia suala si mti, ni ardhi, ni heshima ya baba, ni haki ya mtoto wa kike. Na nilikuwa sahihi kwamba ni hayo yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Nilikuwa na sheria mkononi, na nilitaka isomwe kwa sauti mbele ya ukoo mzima.

Kilichonigeuza ni mama.

Julai 2023, wakati wa baridi kali ya mlimani, mama aliteleza zizini usiku akienda kumtazama ng'ombe aliyekuwa analia. Alivunjika mkono karibu na kiwiko. Alikaa chini pale, kwenye majani ya migomba na mkojo wa ng'ombe, kuanzia saa tano usiku mpaka kijana wa maziwa alipofika saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya kaka iko hatua themanini kutoka zizini. Zamani mama akikohoa tu usiku, wifi anavuka mfongo na taa.

Nilimkuta hospitali, mkono kwenye plasta. Nikamuuliza, kwa hasira ya hofu, kwa nini hakuwaita.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Ningewaitaje, mwanangu? Si umewashitaki?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Katika karatasi zote nilizokuwa nazo, hati ya madai, majibu, kiapo, hakukuwa na mahali palipoandikwa kwamba anayeishi na kesi hii kila siku ni mwanamke wa miaka 81 ambaye hakushitaki wala hakushitakiwa. Sisi wawili tulikuwa tunakutana barazani kila baada ya miezi miwili. Yeye alikuwa anakutana nao mfongoni kila asubuhi.

Kazini kwetu nilikuwa na mwenzangu aliyewahi kuachishwa kazi mahali alipokuwa kabla, akapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya zile siku 30 zinazotakiwa kwa mtu aliyeachishwa isivyo halali. Alinisimulia zamani jinsi msuluhishi alivyokaa nao, akazungumza na kila upande peke yake, akarudi, wakamaliza mchana mmoja na yeye akalipwa. Nilimpigia simu kutoka hospitali. Nilimuuliza swali moja tu: uliwezaje kukaa chumba kimoja na mtu aliyekutoa kazini? Akasema, "Nilijua ninachokitaka. Sikutaka ashindwe, nilitaka hela yangu na barua safi." Nikajiuliza mimi ninataka nini. Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nilitaka mama aweze kuita usiku aitikiwe, nilitaka mpaka ujulikane na uandikwe, na nilitaka kisemwe mbele ya ukoo kwamba kihamba kile ni cha mabinti wa baba. Hukumu ingenipa la pili. La tatu labda. La kwanza hakuna mwenyekiti wa baraza anayeweza kuliamuru.

Nilimwandikia kaka meseji. Niliiandika na kuifuta mara nyingi, mwisho nikatuma hii: "Kaka, shikamoo. Mama amevunjika mkono. Naomba tukae tuzungumze, kesi ikiwa palepale. Ukikubali, tuchague watu pamoja." Alijibu baada ya siku mbili: "Marahaba. Nimesikia. Kina nani?"

Hilo la kina nani lilituchukua karibu mwezi, na naona ndilo lililobeba yote. Kaka alipendekeza mzee wa ukoo, nikakataa, kwa sababu mzee huyo ndiye niliyemsikia kwa masikio yangu akisema wasichana ni wa kuolewa. Mimi nilipendekeza padri, kaka akakataa, akasema padri ni rafiki wa mama. Alikuwa na haki. Watu wengi wanapoambiwa usuluhishi wanaogopa kwamba watapelekwa mbele ya wazee walioshaamua, hasa mlalamikaji akiwa mwanamke, na woga huo hautoki hewani. Lakini msuluhishi hupewi kama hakimu, mnakubaliana naye, na ukiona hakufai unasema. Mwishowe tukapata watatu: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyetufundisha sote wawili hesabu, mama mwenyekiti wa jumuiya ya pale mtaani, na kijana msaidizi wa kisheria wa kata. Huyo wa mwisho nilimtaka mimi, ili lolote tutakalokubaliana lisije likavunja sheria au likaandikwa vibaya likawa mzaha.

Nikaweka masharti yangu, kaka akaweka yake. Mimi: tukae mpakani penyewe, si kwa mtu. Kila kitu kiandikwe. Mbege, pombe yetu ya ndizi, isiletwe mpaka tumesaini. Yeye: mawakili wasije, na mama awepo. Hilo la mama nilitaka kulikataa. Tangu mwanzo wa kesi nilikuwa nimemkinga, hata kwenye orodha ya mashahidi sikumweka, nikiona ni vibaya kumsimamisha bibi mzee barazani aulizwe maswali na wakili. Nilikubali kwa shingo upande.

Wakili wangu hakufurahi sana, lakini alikuwa muungwana. Aliniambia jambo ambalo nashukuru: nisiondoe shauri kabla ya makubaliano kusainiwa. Tuombe tu muda barazani, tukielewana tupeleke hati, tusipoelewana tuendelee tulipoachia. Na mtu ambaye hajafungua kesi bado asikae miaka akisuluhishana huku saa ya ukomo inatembea. Kwa ardhi ni miaka 12 na huonekana mingi, kwa kuachishwa kazi ni zile siku 30 tu.

Tulikaa Jumamosi ya pili ya Septemba 2023, saa nne asubuhi, viti vya plastiki sita kwenye ukingo wa mfongo, kisiki kikiwa katikati yetu. Mwalimu alifungua kwa kusema kwamba yeye hakuja kuamua nani mkweli, kwa sababu kazi ya kusahihisha alishaistaafu. Kila mmoja angesema mpaka amalize, mwingine akiandika moyoni. Aliweka fimbo yake juu ya kisiki. Anayesema ndiye anayeishika.

Nilianza mimi. Nilisema dakika ishirini hivi, yote niliyoyaandika kwenye hati na mengine: minong'ono, kisiki, ile kauli yake ya niende ninakojua. Nilipomaliza niliona nimeshinda. Ilikuwa tabia ya kesi, bado ilikuwa imenikaa mwilini.

Kaka akachukua fimbo. Hakuzungumzia mti. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, ya rangi ya zambarau iliyopauka. Aliikunjua polepole kwa sababu mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Ilikuwa ratiba ya mazishi ya baba, ya mwaka 2009. Niliichapisha mimi mwenyewe Kariakoo. Akageuza upande wa nyuma, kwenye neno la shukrani, akampa msaidizi wa kisheria asome. Kijana akasoma: madaktari na wauguzi, padri na jumuiya, wafanyakazi wenzetu wa Dar es Salaam, majirani wote. Akafika mwisho.

"Jina langu umelisikia?" kaka akauliza.

Baba aliumwa miezi minane. Sisi mabinti tulikuwa mbali, tunatuma hela. Aliyekuwa anamwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyembeba mgongoni kupanda mpaka barabarani wakati wa mvua gari lisipofika, ni kaka. Nililijua. Hakuna siku niliyolikataa. Lakini niliandika shukrani zile usiku, Dar, na orodha ya watu wa ofisini pembeni yangu, na nikaona yeye ni mtu wa nyumbani, mtu wa nyumbani hashukuriwi. Aliitunza ile karatasi miaka 14. Alisema siku anakata mti alikuwa anatafuta ada ya binti yake wa chuo, alijua kuna ubishi kuhusu mti ule, na akajiambia kwamba watu ambao hawakumwona hata kwenye karatasi hawatauona mti.

Sijui ni baraza gani lingeipokea karatasi ile kama kielelezo. Mpaka hauthibitishwi na ratiba ya mazishi. Wakili wake mwenyewe angemwambia airudishe mfukoni. Na bado ndiyo iliyokuwa kesi.

Nililia, sitaficha. Mama wa jumuiya akasema tupumzike, akatumiminia chai.

Baada ya chai tukaja kwenye masale. Hapa kila mmoja wetu alikuwa na hakika, na kila mmoja alikuwa na masale ya kuonyesha, kwa sababu pale mpakani pana mistari miwili: mmoja wa zamani umekatikakatika, na mwingine mita mbili hivi upande wetu, umejaa vizuri. Mti ulikuwa katikati ya mistari hiyo. Mimi nilikuwa nasema mpaka ni mstari wa zamani, na huu mwingine kaka ameupanda kwa hila. Yeye alikuwa anasema ndiyo mpaka tangu akumbuke, na ule wa zamani ni masalia tu.

Mama, ambaye alikuwa kimya mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, akaomba fimbo.

"Huu mstari niliupanda mimi," akasema. "Mimi na mama yako," akamwambia kaka. Zile mvua za El Niño za mwaka 1997 kuingia 1998, mfongo ulibomoa ukingo ukahamia kwetu. Maji yalikuwa yanakula migomba. Yeye na mama mkubwa wakang'oa miche ya isale kutoka mstari wa zamani wakaipanda kwenye ukingo mpya ili mizizi ishike udongo. Hawakuwa wanapima mpaka, walikuwa wanazuia maji. Na mringaringa? Aliupanda baba mkubwa, kwa mkono wake, upande wa kwetu, kwa ruhusa ya baba, ili ukingo wa mfongo upate kivuli na mizizi. Akamaliza, akarudisha fimbo kwenye kisiki.

Miezi kumi na saba ya kesi, na mtu pekee aliyejua alikuwa anatupikia chai. Hakuna aliyemuuliza. Mimi kwa kumkinga, kaka kwa kumwogopa.

Tulimaliza saa kumi jioni. Makubaliano aliyaandika msaidizi wa kisheria kwa mkono, kurasa mbili, na baadaye wakili wangu akayaweka katika lugha yake. Mpaka ni mstari wa zamani wa masale, ujaziwe pale ulipokatika. Mfongo ubaki unapopita sasa, na ukanda kati ya mistari miwili usilimwe na mtu, uwe njia ya watu wote wawili na ya kusafishia mfongo. Mbao 14 ambazo kaka alikuwa hajauza ziende kwa mama, zitengeneze mlango na banda la zizi. Kwa zile 20 alizouza kwa 500,000, arudishe 250,000 kwa awamu mbili, maana mti ulikuwa kwetu lakini aliyeupanda ni baba yake. Ipandwe miringaringa miwili ukingoni. Kihamba cha chini kitambulike kuwa cha mama na mabinti zake watatu, na kaka asaini hilo kama shahidi wa kwanza. Na Desemba, kwenye misa ya kumkumbuka baba, neno la shukrani lisomwe upya.

Kifungu hicho cha mwisho wakili alitaka kukiacha nje ya hati akisema hakitekelezeki kisheria. Kaka alisema bila hicho hasaini. Kikabaki.

Kabla ya kusaini niliinuka nikaenda kwenye mstari uleule tuliokuwa tukiubishania, nikakata jani la isale, nikampa kaka kwa mikono miwili. Alilishika muda mrefu. Akasema, "Mimi la kwangu nitalileta mbao zikishafika kwa mama mdogo." Nilitamani alilete palepale, ingekuwa vizuri zaidi kusimulia. Lakini nilimheshimu kwa kusema ukweli. Alilileta wiki iliyofuata, siku alipobeba ubao wa mwisho. Sikuwepo, mama ndiye aliyelipokea.

Novemba tukapeleka hati barazani. Mwenyekiti alimuuliza kila mmoja wetu kama amekubali kwa hiari yake, akayaandika makubaliano kuwa uamuzi wa baraza. Kwa hiyo yana nguvu kama hukumu, akivunja mmoja mwingine ana mahali pa kushika. Nawasihi wanaosuluhishana wasiishie kwenye kupeana mikono. Maneno ya mdomo yanakufa na wenyewe, na watoto wetu ndio watakaorudi mpakani. Tena sikusema popote kwamba sheria haikunisaidia. Kaka alikubali kukaa akijua shauri liko wilayani, nami nilikaa bila woga nikijua haki yangu ya kumiliki imeandikwa na haiombwi kwa ukoo.

Na kuna mambo ambayo sitasuluhisha, hata nikiombwa na watu wote wa mtaa. Mwaka uleule familia moja ya karibu na kwetu ilitaka kumaliza kifamilia shauri la mtoto aliyebakwa, kwa mbuzi na mbege. Yule mama wa jumuiya aliyekaa nasi mpakani ndiye aliyekwenda polisi, wengine wakamnunia. Alifanya sawa. Kosa la namna hiyo si mgogoro wa watu wawili, ni jinai, na mtoto hana mpaka wa kujadiliana na aliyemuumiza. Vivyo hivyo mke anayepigwa. Yako mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mengi ya mashauri ya talaka yapite huko kwanza, lakini kupigwa si ugomvi wa kusuluhishwa mtu akarudishwa kwenye nyumba ileile. Nikisikia neno usuluhishi likitumiwa kufunika mambo hayo, damu inanichemka.

Kwetu si kila kitu kimerudi. Kaka amelipa awamu ya kwanza na nusu ya ile ya pili, na sijamdai iliyobaki. Wifi anasalimia kwa adabu lakini hajaingia tena jikoni kwa mama kukaa kama zamani. Alisema mambo mazito wakati wa kesi, na mimi pia, na hayo hatukuyaweka juu ya kisiki siku ile. Shilingi 3,190,000 hazitarudi.

Misa ilikuwa tarehe 27 Desemba 2023. Nilisoma shukrani kwa kalamu yangu mwenyewe, jina lake likiwa la kwanza, na miezi minane nikaitaja mmoja mmoja. Kaka alikuwa amekaa benchi la tatu na kofia mapajani. Hakuinua uso. Tulipotoka nje alimshika mama mkono ule uliopona, wakashuka pamoja njia ya mgombani, taratibu, kwa sababu kulikuwa na utelezi.

Ile miringaringa miwili tuliipanda siku iliyofuata. Mmoja ulikauka wakati wa kiangazi. Mwingine umenifika kiunoni, na mama anasema kaka huumwagilia kila akipita kufungua maji ya mfongo. Nimemwahidi kuja na mche mwingine Krismasi.